AFYA NA NYUMBA: Bawaba ya Taya na Kipimo cha Uso

Meno ya bandia yanayolala kikombeni mchana kutwa hayamfai mwenyewe. Yamegharimu fedha na safari nyingi za kwenda hospitali, lakini mzee huyavaa siku ya wageni tu, na sahani ya chakula ikiletwa huyatoa kwa siri na kuyafunga katika leso. Akiulizwa sababu husema kwamba yanacheza, au yanamkwaruza upande mmoja, au yanagongana kabla hajafumba kinywa barabara. Watu wa nyumbani, kwa kuwa huyaona meno yenyewe ni meupe na yamepangika vizuri, humdhania kuwa amezoea kulalamika. Basi nyama humpita, mahindi ya kuchoma humpita, na baada ya miezi michache huanza kula peke yake chumbani ili watoto wasimtazame.

Jambo hilo si dogo. Mtu mzima anayeacha kula pamoja na jamaa zake hupungukiwa na mengi zaidi ya chakula. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ifahamu kwamba mara nyingine kasoro ya meno ya bandia haimo katika meno yenyewe, bali hutokana na mahali ambapo wachache hupafikiria: bawaba ya taya iliyo mbele ya sikio, na jinsi ilivyopimwa, au isivyopimwa, wakati meno hayo yalipotengenezwa.

BAWABA MBELE YA SIKIO

Mtu yeyote aweza kuitambua bawaba hiyo kwa vidole vyake. Aweke ncha za vidole viwili vya shahada mbele ya masikio, kimoja kila upande, karibu na kile kinyama kidogo kinacholinda tundu la sikio, kisha afumbue kinywa polepole. Chini ya ngozi atasikia kifundo cha mfupa kikizunguka. Hicho ndicho kichwa cha mfupa wa taya la chini, nacho kimekaa katika kishimo cha mfupa wa fuvu, na baina yao pana kisahani kigumu cha nyuzinyuzi kinachozuia mifupa isisagane.

Akiendelea kufumbua kinywa atagundua jambo la pili. Mwanzoni kichwa hicho huzunguka karibu mahali pale pale, kama bawaba ya mlango, mpaka meno ya mbele yameachana kiasi cha milimita 20 hadi 25. Baada ya hapo huacha kuzunguka tu, bali huteleza mbele na chini juu ya mteremko wa mfupa, na vidole hubaki juu ya kishimo kitupu. Kwa mwendo huo wa pili kinywa cha mtu mzima huweza kufumbuka milimita 40 hadi 50, na kwa wengine zaidi. Yaani vidole vitatu vyake mwenyewe huingia vikiwa vimesimama.

Mteremko huo ndio unaoeleza pia kisa cha mtu aliyepiga mwayo mkubwa kisha akashindwa kufumba kinywa. Kichwa cha mfupa kimepita kilele cha mteremko, na misuli imekikamata huko mbele. Mtu wa namna hiyo asipigwe kofi wala asivutwe kidevu na jirani mwenye nguvu, bali apelekwe hospitali bila kukawia, ambako mganga hulisukuma taya chini na nyuma mpaka lirudi mahali pake.

Kwa mtengenezaji wa meno ya bandia, lililo muhimu ni ule mwendo wa kwanza, wa kuzunguka. Ikiwa vichwa viwili vya taya vinazunguka mahali pamoja, basi aweza kuwazia mstari mnyofu unaopita kichwani kutoka kiungo cha kulia hadi cha kushoto, mfano wa ekseli ya gurudumu. Mstari huo hauonekani, lakini taya lote la chini huuzunguka. Wataalamu huuita mhimili wa bawaba.

MLANGO UNAOKWARUZA SAKAFU

Kila aliyewahi kupachika mlango anajua kwamba ubao ukiwa mzuri namna gani, bawaba zikikaa upande hata kidogo, mlango utakwaruza sakafu au utagonga fremu kabla haujafungwa. Taya nalo ni vivyo hivyo. Jino la gego lililo karibu na bawaba huchora upinde mdogo kinywa kinapofumbwa, na jino la mbele lililo mbali na bawaba huchora upinde mkubwa. Bawaba ikihamishwa, pinde zote hubadilika, na meno ya juu na ya chini hayakutani tena pale yalipokusudiwa.

Sasa fundi wa meno hufanya kazi yake katika karakana, mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Alicho nacho mezani ni sanamu mbili za plasta, moja ya ufizi wa juu na nyingine ya ufizi wa chini. Ili azipange kama zilivyo kinywani huzifunga katika chombo cha chuma chenye bawaba yake, kiitwacho atikuleta, yaani taya la chuma. Chombo hicho hufumbuka na kufumba, na juu yake fundi hupanga meno moja moja katika nta.

Swali ni hili: sanamu ya plasta iwekwe umbali gani kutoka bawaba ya chuma? Iwekwe juu au chini? Iinamishwe mbele au nyuma? Fundi akiiweka kwa kukisia, meno atakayoyapanga yataumana vema katika taya la chuma, kwa kuwa yamepangwa kwa kuifuata bawaba ya chuma. Lakini yakifika kinywani yatakuta bawaba nyingine. Gego la upande mmoja litagonga kwanza, bamba litainuka upande wa pili, na ufizi ulio chini yake utasuguliwa kila mlo mpaka uchubuke.

Ukubwa wa kosa waweza kuhesabiwa. Hatari huwa kubwa hasa pale fundi anapobadilisha kimo cha meno mezani, au anapoondoa nta iliyowekwa kati ya mataya kunasa mkao wake, kwani hapo taya la chuma hulazimika kuzunguka hatua ambayo taya la mgonjwa halikuizunguka wakati wa kipimo. Ikiwa alama ya mhimili imekosewa kwa milimita 5, na nta hiyo ina unene wa milimita 3, meno ya nyuma yatapishana kwa milimita 0.2 hivi. Nta ikiwa na unene maradufu, kosa nalo huwa maradufu. Milimita 0.2 ni kitu kidogo machoni, walakini mtu mwenye meno yake mwenyewe hutambua mara moja unywele mmoja ukikaa kati ya magego, nao ni mwembamba kuliko kosa hilo. Ufizi uliovikwa bamba husamehe zaidi, kwa sababu ni laini na hubonyea. Jino lililovikwa kofia ya dhahabu au ya kauri halisamehi.

MISTARI YA USO

Kujua mahali pa bawaba peke yake hakutoshi. Ekseli ni mstari mmoja tu, na kitu kinachoning'inia katika mstari mmoja huweza kuzungushwa kikatazama juu au chini. Kwa hiyo fundi huhitaji alama ya tatu usoni. Alama mbili za bawaba na alama moja ya mbele, zikiunganishwa, hufanya bapa, na bapa hilo ndilo linaloonyesha jinsi taya la juu lilivyoinama katika kichwa cha mwenyewe. Kwa muda mrefu wataalamu wametumia mistari mitatu mashuhuri.

Wa kwanza ni mstari wa macho, unaounganisha mboni mbili mtu anapotazama mbele. Meno ya mbele hupangwa sambamba na mstari huo. Yakienda upande, hata asiyejua lolote la utabibu huona kwamba tabasamu limepinda, ingawa hawezi kusema kasoro iko wapi.

Wa pili unatoka pembeni mwa pua mpaka kile kinyama cha mbele ya sikio. Unaitwa kwa jina la Petrus Camper, tabibu na mwanachuoni wa Uholanzi aliyeishi kati ya mwaka 1722 na 1789. Mstari huu hutumika kuinamisha meno ya nyuma: bapa ambalo meno ya juu na ya chini hukutania hufanywa lilingane nao. Mabingwa hawajakubaliana hata leo kama mstari uishie juu, katikati au chini ya kinyama hicho cha sikio, na kwa sababu hiyo mganga mwangalifu huutumia kama mwongozo wa kuanzia, si kama sheria.

Historia ya mstari huo ina funzo. Camper alipima mafuvu na kuchora pembe za nyuso za watu na wanyama, naye mwenyewe alishika kwamba binadamu wote wana asili moja. Hata hivyo, katika karne ya 19 waandishi wengine walizichukua pembe zake na kuzifanya silaha ya kudai kwamba mataifa mengine ni duni kuliko mengine. Madai hayo yalikuwa uongo, na sayansi imeyatupa. Mstari uliobaki mikononi mwa waganga wa meno haupimi thamani ya mtu. Kazi yake ni kuonyesha mwinamo wa meno ili bibi aweze kutafuna.

Wa tatu huitwa mstari wa Frankfurt, kwa jina la mji wa Ujerumani ambako wapimaji wa mafuvu waliafikiana juu yake katika miaka ya 1880. Unatoka ukingo wa juu wa tundu la sikio mpaka ukingo wa chini wa tundu la jicho. Mtu akisimama wima na kutazama upeo wa macho, mstari huo hukaribia kulala sawasawa na ardhi. Neno la kushika hapo ni "hukaribia", kwani wako watu ambao kwao huinama, na wako ambao sikio lao moja liko chini kuliko jingine.

PALE BAWABA INAPOPATIKANA

Je, bawaba iko wapi kwa kulinganishwa na mistari hiyo? Watu wamelitafuta jibu kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1858 Mmarekani William Bonwill alieleza kwamba viungo viwili vya taya na mahali meno mawili ya mbele ya chini yanapogusana hufanya pembetatu yenye pande zilizo sawa, kila upande kama inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Mwaka 1866 Francis Balkwill wa Uingereza alionyesha kwamba pembetatu hiyo hailali sambamba na bapa la meno, bali hupanda kuelekea masikioni kwa pembe ya takriban nyuzi 26. Mwishoni mwa karne hiyo Mmarekani mwingine, George Snow, alieneza chombo ambacho kingali kinatumika, yaani upinde wa uso: fimbo ya chuma iliyopindwa kuuzunguka uso kutoka sikio hadi sikio, yenye uma wa kuumwa kinywani.

Upinde huo hauna maana bila alama za kuulenga, na alama zilizozoeleka zaidi zilipatikana kwa kupima watu wengi na kuchukua wastani. Henry Beyron wa Uswidi alifundisha kwamba mganga apige mstari kutoka katikati ya kinyama cha sikio mpaka pembe ya nje ya jicho, kisha apime milimita 13 mbele ya ukingo wa nyuma wa kinyama hicho. Mwaka 1950 Bergström, naye wa Uswidi, alitoa alama iliyofungwa na mstari wa Frankfurt: milimita 10 mbele ya kitovu cha tundu la sikio, na milimita 7 chini ya mstari huo.

Alama ya Bergström yaonyesha jambo ambalo mafundi wengine husahau. Bawaba haimo katika mstari wa Frankfurt, bali iko chini yake. Kwa hiyo bapa linalopita katika bawaba mbili na ukingo wa chini wa jicho si lile lile la Frankfurt, ingawa yote mawili huishia jichoni. Atakayeyachanganya ataipokea sanamu ikiwa imeinama kwa kiasi ambacho mgonjwa hakuzaliwa nacho.

Zipo pinde nyingine ambazo ncha zake huingizwa katika matundu ya masikio, kama vifaa vya daktari vya kusikilizia kifua. Hizo ni za haraka, wala hazihitaji penseli. Kwa kuwa tundu la sikio liko nyuma ya bawaba, watengenezaji wamekwisha kuupunguza umbali huo katika chombo chenyewe. Lakini hapo ndipo masikio yasiyo sawa yanapoleta taabu: upinde hulala upande, fundi huupokea kama ulivyo, na meno ya mbele hupangwa kwa kufuata masikio badala ya macho. Dawa yake ni mganga kusimama mbele ya mgonjwa na kuulinganisha upinde na mstari wa macho kabla hajaukaza.

Alama hizi zote ni za wastani, na hakuna anayevaa uso wa wastani. Kwa wengi zimeonekana kuangukia ndani ya milimita 5 kutoka bawaba ya kweli, lakini si kwa wote. Anayetaka bawaba ya kweli ya mtu mmoja hana budi kuitafuta kwa mwendo. Njia hiyo ilikuzwa na Beverly McCollum na wenzake huko California katika miaka ya 1920. Meno ya chini hufungwa chombo kinachotoka nje ya kinywa na kufika mbele ya sikio, mwishoni kikiwa na sindano. Mganga huliongoza taya kwa mkono, likifumbuka na kufumba kidogo. Sindano ikiwa si mahali pake, ncha yake huchora upinde. Husogezwa juu, chini, mbele na nyuma mpaka ncha isiende kokote bali izunguke tu. Pale inapotulia ndipo palipo na bawaba, na ngozi hutiwa alama.

Njia hiyo huhitaji meno imara ya kukifunga chombo. Asiye na jino hata moja ana ufizi laini tu, na chombo kilichokaa juu ya ufizi hutikisika pamoja nao, hata sindano ikatoa habari isiyo ya kweli. Ndiyo maana kwa meno ya bandia ya kinywa kizima waganga wengi huridhika na alama ya wastani, nao hawakosei kwa kufanya hivyo.

MIADI YA KIPIMO

Yafaa jamaa wa mgonjwa ajue yatakayotendeka, ili mzee asishtuke akiona chuma kinaletwa usoni pake. Kwanza mganga huweka kinywani bamba lenye ukuta wa nta mahali meno yatakapokuwa. Huukata ukuta huo mpaka, akitazama kwa mbele, umelingana na macho, na akitazama kwa pembeni, umelingana na mstari wa pua na sikio. Kisha uma wa upinde hukazwa katika nta ya juu, pinde mbili za pembeni hufikishwa kwenye alama za bawaba, na kidole cha chuma huelekezwa chini ya jicho. Hakuna kinachochoma. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na upinde hupelekwa karakani na sanamu ya juu hufungwa kwa plasta mahali pale pale.

Baada ya hapo huchukuliwa kipimo kilicho muhimu kuliko vyote, cha mkao wa taya la chini. Mzee huambiwa alegeze mabega, akunje ulimi nyuma, ameze mate, kisha afumbe taratibu. Kimo nacho hupimwa: taya likiwa limepumzika, baina ya meno ya juu na ya chini hutakiwa kubaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ikikosekana, meno yatagongana kila mara anaposema, na misuli haitapata raha mchana wala usiku.

Mwisho meno hujaribiwa yakiwa bado katika nta, na hii ndiyo nafasi ya jamaa kusaidia. Mzee asimame, asikae kitini, na mwanawe asogee hatua mbili tatu amtazame uso kwa uso. Je, meno ya mbele yamelingana na macho? Akihesabu kutoka moja hadi kumi, meno yanagongana? Katika nta kosa husahihishwa kwa saa moja. Likisha kugeuzwa akriliki, kulisahihisha ni kazi kubwa.

JE, UPINDE NI LAZIMA?

Haifai mtu akisoma habari hizi aidharau hospitali ya wilaya isiyo na upinde wa uso. Mwaka 2005 watafiti nchini Kanada walitoa matokeo ya kulinganisha wazee waliotengenezewa meno ya kinywa kizima kwa njia ndefu, pamoja na upinde, na wale waliotengenezewa kwa njia fupi bila upinde. Baada ya miezi 3 na miezi 6 makundi hayo mawili hayakutofautiana katika kuridhika na meno yao. Wako pia wanaosema kwamba bawaba kamili haipo, kwa kuwa kiungo chenye kisahani na mteremko huteleza kidogo hata kinapoonekana kuzunguka tu.

Hayo hayafuti manufaa ya kipimo, bali yanaonyesha mahali pake. Anayewekewa kofia za meno au daraja kinywa kizima, na hasa anayeinuliwa kimo cha meno, huhitaji bawaba iliyopimwa kwa uangalifu. Mzee asiye na jino aweza kupata meno mema kwa alama ya wastani au hata bila upinde, mradi mkao wa taya na kimo vimechukuliwa kwa makini, na mganga yu tayari kumpokea tena arudipo na malalamiko. Kipimo cha kwanza hakimalizi kazi. Marejeo ndiyo yanayoimaliza.

UFIZI HUPUNGUA, BAWABA HUBAKI

Liko jambo jingine ambalo huwafanya watu wadhani kwamba meno "yameharibika". Meno yakisha kung'olewa, mfupa uliokuwa ukiyashika huanza kupungua, upesi zaidi katika mwaka wa kwanza. Uchunguzi wa Antje Tallgren uliochapishwa mwaka 1972, uliofuatilia watu kwa miaka 25, ulionyesha kwamba taya la chini lilipungua kimo karibu mara nne ya taya la juu. Bawaba haihami, ufizi ndio unaoshuka. Kwa hiyo taya la chini huzunguka zaidi kabla meno hayajakutana, na kwa kuwa huzunguka juu na mbele, kidevu hukaribia pua na kujitokeza, na midomo huingia ndani. Sura hiyo watu huiita uzee, kumbe sehemu yake ni kimo cha meno kilichopotea.

Meno yaliyomfaa mtu miaka mingi iliyopita yaweza basi kumsumbua leo bila mtu yeyote kukosea. Yatiwe bamba jipya kwa ndani, au yatengenezwe mengine, na kimo kipimwe upya.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Kidonda kikitokea chini ya bamba, mtu asilikwangue mwenyewe kwa tupa, wembe au msasa. Mahali panapouma mara nyingi si mahali penye kosa: gego la kulia likigonga kwanza, ufizi wa kushoto ndio huchubuka. Atakayekwangua kushoto ataliharibu bamba, na kosa litabaki kulia.

Siku ya kwenda kwa mganga mzee ayavae meno hayo saa chache kabla, hata kama yanamuuma kidogo, ili alama ya msuguano ionekane. Akienda nayo mfukoni, mganga hukuta ufizi umetulia na hana la kuligusa.

Kidonda chochote cha kinywani ambacho hakikupona katika majuma mawili kichunguzwe hospitali, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Usiku meno yatolewe, ufizi upumzike, nayo yakae katika maji safi. Yaoshwe kwa brashi laini na sabuni juu ya beseni lenye maji, ili yakiteleza yasivunjike. Maji ya moto yanayochemka hayafai, kwa sababu akriliki hupinda, na bamba lililopinda halikai tena hata kama lilipimwa na bingwa.

Katika majuma ya kwanza chakula kikatwe vipande vidogo, na mzee atafune pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukibebeshwa kazi yote, bamba huinuka upande wa pili. Aanze na ndizi zilizopikwa, viazi na samaki, kisha nyama laini iliyokatwakatwa.

Na iwapo atasema kwamba meno yanagongana upande mmoja, asiambiwe kwamba atayazoea. Ulimi na kiungo cha taya vimepima kosa ambalo jicho la mwingine haliwezi kuliona. Apelekwe kwa mganga akiwa amefuatana na mtu wa nyumbani, aeleze upande unaogusa kwanza, na aombe kipimo kirudiwe.